Sahani iliyozishinda mashine ghali: uchambuzi wa kisa kimoja

Lalamiko lenyewe lilikuwa fupi. Mzee mmoja mpenzi wa muziki, mwenye vifaa ambavyo wengi wetu huishia kuviona pichani, alikuwa anahamishia santuri zake kwenye kompyuta. Sahani zote zilitoka vizuri isipokuwa moja, nayo ndiyo aliyoipenda kuliko zote: rekodi ya stereo ya miaka ya 1970, mwimbaji mwanamke mbele, kinanda na magitaa nyuma yake. Nyimbo za mwanzo wa kila upande zilikuwa safi. Kadiri sindano ilivyosogea ndani kuelekea lebo, sauti ya mwimbaji ilianza kuchanika. Kila "s" na kila "sh" ilitoka inatema. Ukifika wimbo wa mwisho husikilizi tena maneno, unausubiri mchaniko unaofuata. Kinanda nacho kilikuwa kinayumba, na chini ya yote kulikuwa na mvumo mzito usiokatika.

"Fundi, nadhani kigeuzi kimezidiwa," aliniambia. "Ninunue kikubwa zaidi?"

Nilimjibu: "Mzee, subiri kwanza. Hicho ulicho nacho hakijakosa kitu."

Nilisema hivyo kabla hata ya kuigusa sahani, na sababu yake ni rahisi kuifuata. Kigeuzi, kile kifaa kinachopokea umeme wa sauti na kuugeuza kuwa tarakimu, kilikuwa kinachukua sampuli 192,000 kwa sekunde, kila moja kwa biti 24. Kwa hesabu, biti 24 zinabeba tofauti ya desibeli 144 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Hata biti 16 za CD zinabeba 96. Sahani ya vinili iliyotunzwa vizuri haifiki huko, kwa kuwa kelele ya plastiki yenyewe huimezea sauti ndogo mahali fulani kati ya desibeli 60 na 70. Kwa hiyo nafasi ya kuhifadhia sauti ilikuwa kubwa kuliko sauti iliyoletwa. Lakini ushahidi mzito zaidi ulikuwa kwenye lalamiko lenyewe: kigeuzi hakijui sindano iko wimbo wa ngapi. Kingekuwa kibovu kingeharibu wimbo wa kwanza sawasawa na wa mwisho. Ubovu unaokua kadiri mkono wa pleya unavyoingia ndani unatokana na pale almasi ya ncha ya sindano inapoigusa sahani, si na kompyuta.

Hapo inabidi tukae kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha kisa chote kilipo.

Sahani ya inchi 12 huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kila sekunde 1.8, sindano iwe ukingoni au karibu na lebo. Mzunguko ni uleule, njia si ileile. Ukingoni, kwenye nusu kipenyo cha milimita 146, mfuo, yaani mchirizi uliochongwa kwenye sahani, hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 kwa sekunde. Ukifika milimita 60 kutoka katikati, kasi imeshuka hadi sentimita 21. Sasa chukua sauti ya masafa ya kHz 10, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde, ambayo imo ndani ya "s" ya mwimbaji. Ukingoni wimbi lake moja limetandazwa kwenye urefu wa mikroni 51 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwenye wimbo wa mwisho wimbi hilohilo limebanwa kwenye mikroni 21. Ncha ya sindano ya duara ya kawaida ina nusu kipenyo cha mikroni 18. Ncha hiyo haiwezi kuingia kwenye kona za wimbi fupi kiasi hicho. Inaruka juu ya vilele na kuviacha vibonde bila kuvisoma. Ya duaradufu, yenye ubavu wa takriban mikroni 8, inajitahidi zaidi, lakini ikiwa imekaa upande, nayo inashindwa.

Sindano ya mzee ilikuwa ya duaradufu, na chini ya hadubini bado ilikuwa nzima. Swali likawa kama imekaa inavyotakiwa.

Kabla ya kulijibu nilifanya jaribio ambalo nalipendekeza kwa kila mtu, maana halihitaji kifaa chochote. Mchaniko ulikuwa mkali zaidi upande wa kulia. Nilibadilishana plagi mbili za kebo kwenye priampu, kile kikuza sauti cha kwanza baada ya pleya, ya kushoto nikaipeleka kulia na ya kulia kushoto, kisha nikaucheza wimbo uleule. Mchaniko ulihamia kushoto. Kwa hiyo priampu, kigeuzi na kila kilichofuata baada ya plagi zile viliondoka kwenye orodha ya washukiwa, na tukabaki na kebo, katriji (kichwa kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme), mkono na sahani.

Kisha nikaisafisha sahani. Mzee alikuwa anaifuta kwa brashi kavu kila anapoicheza, jambo zuri kwa vumbi la juu, lakini uchafu unaodhuru uko chini, kwenye kuta za mfuo, umegandishwa na mafuta ya vidole na moshi. Niliiosha kwa maji yaliyokenekwa yenye tone la sabuni isiyo na harufu wala rangi, brashi ikifuata mwelekeo wa mifuo, kisha nikayafyonza maji kwa mashine kabla hayajakauka, nikasuuza tena kwa maji matupu. Hatua ya kufyonza ndiyo muhimu. Maji yakiachwa yakaukie kwenye sahani, uchafu uliolegea hurudi palepale. (Mwenye sahani za zamani za mizunguko 78, zile nzito za shelaki, asithubutu kuziosha kwa dawa yenye alkoholi. Alkoholi huyeyusha shelaki, na hakuna njia ya kuirudisha.) Baada ya kuoshwa, milio midogomidogo ya "tik, tik" ilipungua sana. Mchaniko wa "s" ulibaki vilevile. Nilifurahi kuuona umebaki, kwa sababu sasa nilijua hautokani na uchafu.

Mkono, tao na mstari

Mashine iliyochonga sahani ilisogeza kichwa chake kwa mstari ulionyooka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Mkono wa pleya nyingi haufanyi hivyo. Umefungwa kwenye egemeo upande mmoja, kwa hiyo sindano hupita juu ya sahani kwa tao. Tao na mstari ulionyooka haviwezi kulingana njia nzima. Vikipangwa vizuri vinalingana sehemu mbili tu, na kwingine kote katriji inakuwa imepinda kidogo kulinganisha na mfuo. Erik Löfgren aliipigia hesabu shida hii mwaka 1938, H. G. Baerwald akafuata mwaka 1941, na J. K. Stevenson mwaka 1966. Wote walitafuta kitu kimoja: sehemu hizo mbili ziwekwe wapi ili madhara yapungue. Mpango wa Baerwald, kwa vipimo vinavyotumika sana, unaziweka milimita 66 na 121 kutoka katikati. Wa Stevenson unaisogeza ile ya ndani hadi kama milimita 60, kwenye mifuo ya mwisho kabisa.

Nilipoweka kadi ya kupimia chini ya sindano, jibu lilionekana kwa macho. Mzee alikuwa amebadilisha katriji muda mrefu uliopita na akafunga skrubu palepale zilipokuwa za ile ya zamani. Katriji mpya ilikuwa na umbo tofauti, hivyo ncha yake ilibaki nyuma kwa kama milimita 2. Milimita 2 inasikika kama kitu kidogo. Ukingoni mwa sahani inaleta kosa la pembe lisilofika digrii moja, mahali ambapo mawimbi yamenyooka na hakuna anayesikia. Kwenye milimita 60 kosa hilohilo linakua hadi karibu digrii 2, tena pale mawimbi yalipobanwa zaidi. Ubavu mmoja wa almasi unausoma ukuta wa mfuo kabla ya mwingine, na "s" inachanika.

Mchaniko kuwa mkali zaidi upande wa kulia ulikuwa na sababu yake. Kwa kuwa katriji imefungwa kwa pembe kwenye mkono, msuguano wa mfuo huuvuta mkono kuelekea katikati wakati wote. Ndiyo maana pleya nzuri ina kifaa cha kuuvuta nje kidogo ili nguvu zisawazike. Cha mzee kilikuwa kwenye sifuri. Sindano ilikuwa inaegemea ukuta wa ndani, unaobeba chaneli ya kushoto, na kuuacha ukuta wa nje, wa chaneli ya kulia, kila sauti inapokuwa kubwa. Sindano inayouacha ukuta hurudi kwa kuugonga, na kila kipigo kinaacha alama.

Lakini kwa nini sahani nyingine zilipona, ilhali zilichezwa na mkono uleule? Swali hili mzee aliniuliza mwenyewe, na ni swali la haki. Niliziangalia. Nyingi muziki wake uliishia milimita 75 hadi 80 kutoka katikati, na nyimbo za mwisho zilikuwa za taratibu, sauti chini. Hii moja ilichongwa kwa sauti kubwa na ikajazwa hadi karibu na lebo, na wimbo wa mwisho wa kila upande ndio uliokuwa na sauti kubwa kuliko zote. Ubovu wa mkono ulikuwepo kwenye sahani zote. Ulikosa tu pa kujionyesha.

Nilichagua mpango wa Stevenson kwa sahani hii pekee. Kwa matumizi ya kila siku ningebaki na Baerwald, kwani wa Stevenson unalipia unafuu wa ndani kwa kosa kubwa zaidi katikati ya sahani. Ila kazi ya kuhamisha santuri ni kazi ya sahani moja baada ya nyingine, na hakuna sheria inayokulazimisha kuzipimia zote kwa kipimo kimoja. Uzito wa sindano niliupandisha hadi gramu 2, ndani ya kiwango cha mtengenezaji. Wengi huogopa kupandisha uzito wakidhani wanailinda sahani. Sindano nyepesi mno ndiyo inayorukaruka na kupiga kuta.

Kebo iliyokuwa inaongeza "s"

Baada ya kupanga upya, mchaniko ulipungua zaidi ya nusu, lakini "s" zilibaki kali, na sasa nilisikia kwamba ukali huo upo hata kwenye wimbo wa kwanza. Mzee alikuwa ameuzoea. Aliuita uwazi.

Katriji yake ni ya sumaku inayotembea, aina yenye koili kubwa. Koili ya namna hiyo ina indaktansi (kipimo cha jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya umeme) ya takriban henri 0.5, na priampu huipa mzigo wa omu 47,000. Kinachosahaulika ni uwezo wa kebo kuhifadhi chaji, unaopimwa kwa pikofaradi. Mzee aliitenga priampu mbali na pleya ili rafu ipendeze, akaunganisha kwa kebo nzuri, nene, ya mita 3. Kebo ya kawaida ya aina hii ina takriban pikofaradi 100 kwa mita, kwa hiyo hapo kuna 300. Priampu yenyewe iliongeza 200. Jumla 500, bila kuhesabu nyaya za ndani ya mkono. Koili ya henri 0.5 ikikutana na pikofaradi 500 hutikisika pamoja kwenye kHz 10 hivi, na sauti za hapo zinanyanyuka desibeli chache, kisha za juu yake zinaporomoka. Ni palepale "s" inapoishi.

Nilileta priampu karibu, nikaweka kebo ya nusu mita, na nikageuza swichi ya nyuma ya priampu hadi 100. Jumla ikashuka chini ya 200 na mtikisiko ukapanda hadi kHz 16 hivi, mbali na sauti ya mwimbaji. Kebo fupi ya kawaida iliishinda ndefu ya fahari, na haikuishinda kwa ubora wa shaba bali kwa urefu tu. Kwa wenye katriji za koili inayotembea, hesabu hii haiwahusu sana, koili zao ni ndogo mno. Wao wana shida nyingine, ya kupandisha ishara ya nusu milivolti au chini ya hapo bila kupandisha na kelele.

Mvumo uliisha njiani. Priampu na kompyuta zilikuwa zimechomekwa kwenye soketi za kuta mbili tofauti, kila moja na njia yake ya ethi, na kebo ya sauti ikaziunganisha njia hizo kuwa duara. Kuchomeka vyote kwenye soketi moja na kufunga upya waya wa ethi wa mkono kulitosha.

Tundu lisilo katikati

Kuyumba kwa kinanda hakukutokana na mota. Ukiutazama mkono kwa upande wakati sahani inazunguka, ulikuwa unaenda kushoto na kulia kwa kama milimita moja, mara moja kila mzunguko. Tundu lilitobolewa nusu milimita nje ya katikati. Kwenye nusu kipenyo cha milimita 60, nusu milimita ni asilimia 0.8 ya kasi, juu na chini, au takriban senti 14 kila upande ukihesabu noti mbili jirani za kinanda kuwa zimepishana senti 100. Gitaa na mwimbaji hujificha kidogo, kwa kuwa sauti zao hutetemeka zenyewe. Kinanda hakina pa kujificha.

Kampuni ya Nakamichi iliwahi kutengeneza pleya, TX-1000, iliyojitafutia katikati ya mifuo yenyewe. Sisi tulitumia mikono. Pleya ya mzee ina mhimili mdogo unaotolewa, kwa hiyo niliutoa, nikaiweka sahani, nikawa naisukuma ukingoni kwa ncha ya kidole, kiasi kidogo sana, hadi mkono ukatulia. Kisha pete nzito ya ukingoni ikaishika isisogee. Kwa asiye na pleya ya namna hiyo zipo programu zinazorekebisha kuyumba baada ya kurekodi, na zinafanya kazi vizuri, ila hurekebisha kwa kukadiria. Kulipanua tundu kwa tupa sikushauri kwa sahani ambayo huna nyingine.

Kurekodi kwenyewe kulikwenda haraka. Niliteremsha kiwango hadi vilele vya muziki vikakaa desibeli 9 chini ya kikomo. Awali mzee alikuwa anavisogeza hadi karibu na sifuri, yaani kikomo chenyewe, kwa kuogopa kupoteza biti, na matokeo yake kila mlio wa mkwaruzo ulikatwa kichwa. Mlio uliokatwa ni mgumu zaidi kwa programu kuutambua na kuuondoa. Nilitumia sampuli 96,000 badala ya 192,000. Mwongozo wa TC-04 wa IASA, shirika la kimataifa la hifadhi za sauti na picha, unaweka kima cha chini kuwa 48,000 kwa biti 24. Mara mbili ya hapo ina faida ya kweli, kwa sababu milio ya mikwaruzo imejaa masafa ambayo sikio halisikii lakini programu inayaona, na inaitumia tofauti hiyo kuitenga na muziki. Juu ya hapo, kwa sahani hii, sikuona chochote isipokuwa uzito wa faili. Dakika 20 za stereo kwa 96,000 ni megabaiti 691, na kwa 192,000 ni mara mbili yake.

Nakala ya kwanza sikuigusa kabisa: haijaondolewa mlio hata mmoja, haijapandishwa sauti. Ya pili niliondoa milio kwa mkono, mmoja mmoja, na sikupitisha kichujio cha kelele juu ya wimbo mzima, maana vichujio hivyo huondoka na pumzi za mwimbaji. Zote ziko kwenye FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote, na pembeni yake kuna faili dogo la maandishi: aina ya sindano, uzito, mpango wa mkono, priampu, tarehe, na maelezo kwamba mhimili ulitolewa.

Kilichobaki ni nusu ya pili ya wimbo wa mwisho, upande A. Niliazima sindano ya umbo la Shibata inayoingia kwenye katriji ileile. Norio Shibata aliibuni kwa ajili ya sahani za chaneli nne za mfumo wa CD-4, zilizohitaji kusomwa hadi kHz 45, na almasi yake huugusa ukuta kwa mstari mrefu unaofika sehemu ambazo sindano za awali hazikuzikanyaga. Kwingine kote ilileta sauti kama ya sahani mpya. Hapo tu, chaneli ya kulia bado inakwaruza kila sauti inapopanda, kwa sababu ukuta wenyewe umekatika. Kushoto ni safi. Ningeweza kuinakili kushoto kwenda kulia na msikilizaji mvivu asingegundua, lakini gitaa la pili liko kulia peke yake na lingetoweka. Nimeuacha hivyo, na kwenye faili la maandishi nimeandika kuanzia dakika gani. Mzee sasa anatafuta nakala nyingine ya toleo lilelile. Akiipata, hata ikiwa imechakaa kwingine kote, tutakachohitaji humo ni dakika mbili za upande A.